Dizeli Kugoma Asubuhi ya Baridi: Kupima na Kubadilisha Hita Plagi

Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni ikipanda inashindilia hewa mpaka inabaki sehemu moja kati ya 16 hadi 22 ya ujazo wake wa mwanzo, na hewa iliyoshindiliwa hivyo hupata moto wa zaidi ya digrii 500 za Selsiasi. Nozeli ikinyunyiza dizeli humo, inawaka yenyewe. Tatizo la baridi ni kwamba chuma cha silinda nacho kimepoa usiku kucha, kwa hiyo kinanyonya joto la ile hewa kabla dizeli haijaingia. Oili nayo imekuwa nzito na betri imelegea, stata inazungusha kwa kujivuta, na hewa inapata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi. Hita plagi, kijiti cha chuma kinachopata moto kwa umeme, imewekwa kufidia joto linalopotea hapo. Basi, kazi yake ni hiyo tu. Haiyeyushi dizeli iliyoganda kwenye filta, wala haisaidii stata kuzunguka.

Nimeanza na hilo kwa sababu hita plagi husingiziwa sana. Mtu ananunua seti nzima, anakatia moja ndani ya silinda hedi wakati wa kufungua, halafu inagundulika kwamba kilichokuwa kinasumbua ni waya wa ethi, ule unaounganisha betri na chuma cha injini, ulioota kutu. Kwa hiyo fuata mpangilio huu kama ulivyo: pima kwanza, spana ije baadaye.

1. Ijue injini yako

Injini za zamani zenye chemba ya awali, yaani zile ambazo dizeli hunyunyizwa kwenye kichumba kidogo pembeni kabla ya kuingia silinda, zina kuta nyingi za kunyonya joto. Hizo zinaitaka hita plagi hata siku ambayo wewe hujisikii baridi. Zile ambazo nozeli inanyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni ni wavumilivu zaidi: nyingi huwaka bila msaada wa plagi mpaka baridi ikaribie digrii sifuri. Ndiyo maana plagi za injini hizi zinaweza kufa mbili au tatu bila mwenye gari kujua, mpaka siku baridi ikikaza. Na ndiyo maana pia, injini ya aina hii ikigoma kwenye digrii 20, usihangaike na hita plagi. Tafuta kwingine.

Kuna injini ambazo hazina hita plagi kabisa. Malori mengi makubwa hupasha hewa inayoingia kwa kutumia hita ya wavu iliyokaa kwenye njia ya hewa. Cummins ya lita 5.9 ni mfano maarufu. Ukizunguka silinda hedi nzima na huoni waya unaoingia karibu na kila nozeli, huenda una injini ya namna hiyo.

Jambo la mwisho la kujua kabla hujagusa chochote ni volti ya plagi. Za zamani ni za volti 11 au 12. Za kisasa nyingi ni za volti 4.4, 5 au 7, na huendeshwa na kidhibiti kinachokata na kurudisha umeme kwa kasi. Volti hiyo huandikwa kwenye mwili wa plagi au kwenye orodha ya vipuri. Ukiipa plagi ya volti 5 umeme wa betri moja kwa moja, umeiua kwa sekunde chache.

2. Washa kwa utaratibu

Kabla ya kusema gari linagoma, hakikisha unaliwasha inavyotakiwa. Zima taa kubwa, redio na feni. Washa swichi bila kupiga stata, subiri ile taa ya njano yenye alama ya koili izimike. Plagi za zamani huchukua hata sekunde 20 au zaidi. Za kisasa hukuzimia taa kabla hujafunga mkanda. Kanyaga klachi ili stata isibebe na mzigo wa oili nzito ya gia. Piga stata kwa sekunde 10 hadi 15, si zaidi, kisha iache ipumzike kama dakika moja. Ukirudia, anza tena na kupasha.

Taa kuzimika haina maana kwamba plagi zimezimwa. Inakuambia tu kwamba sasa unaweza kupiga stata. Katika injini nyingi plagi huendelea kuwaka wakati stata inazunguka, na hata injini ikishawaka huweza kuendelea dakika mbili au tatu kupunguza moshi na mlio wa kugonga.

Ile mbinu ya kuwasha swichi, kusubiri, kuzima na kuwasha mara ya pili kabla ya stata inasaidia kweli kwenye magari ya zamani ambayo plagi huwashwa na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Lakini kama bila hivyo haliwaki, unatembelea mkongojo.

Na ile dawa ya kopo ya kunyunyiza kwenye njia ya hewa, yenye etha: usiitumie kamwe kwenye injini yenye hita plagi au hita ya wavu. Etha huwaka kwenye joto dogo sana. Ikikutana na ncha ya plagi yenye digrii 850 inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na hapo huvunjika ringi, hupinda mkono wa pistoni, au moto hurudi usoni kwako kupitia njia ya hewa.

3. Mtume mtu akasimame nyuma ya ekzosi

Kipimo cha bure kuliko vyote. Wewe piga stata, yeye aangalie.

Ukiona moshi mweupe mzito unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi, dizeli inafika ila haiwaki. Hapo hita plagi, mgandamizo hafifu au mzunguko wa polepole ndio washukiwa. Usipoona moshi wowote, dizeli haifiki: tatizo liko kwenye filta, pampu, hewa iliyoingia kwenye mipira ya mafuta, au dizeli imeganda. Ukibadilisha plagi hapo umefanya kazi ya bure.

Injini ikiwaka huku inamisi na kutikisika, moshi mweupe ukitoka kwa nusu dakika au dakika nzima kisha ikatulia na kuwa safi, hiyo ndiyo picha halisi ya plagi moja au mbili zilizokufa. Silinda zenye plagi nzima zinawaka, zilizobaki zinasubiri chuma kipate moto. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa ya moto ni kesi nyingine, mara nyingi ni maji ya rejeta yanaingia silinda.

4. Betri kwanza

Kwenye digrii 18 chini ya sifuri, betri ya risasi na asidi hutoa karibu nusu ya nguvu yake, wakati injini nayo inataka nguvu nyingi zaidi kuzungushwa. Kisha hita plagi nne zinakuja kudai ampea zao kabla hata stata haijaguswa.

Pima betri ikiwa imelala usiku kucha. Volti 12.6 na kuendelea ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. Ikisoma 12.0 au chini, ichaji kabla ya kuendelea na jambo lolote. Kisha pima tena wakati mtu anapiga stata: ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au kuna muungano mbovu. Ili kujua ni lipi, weka pini moja ya multimita (kipima umeme) kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu piga stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga tena.

Oili nayo inahusika hapa. Namba iliyo kabla ya W ndiyo inayosema oili inavyokuwa kwenye baridi: 5W hubaki nyepesi pale ambapo 15W imekuwa kama asali. Tumia ile ambayo kitabu cha gari kinaruhusu kwa baridi yako.

5. Dizeli yenyewe

Dizeli ina nta ndani yake. Ikipoa, nta huanza kujitenga na mafuta yanakuwa na ukungu. Ikipoa zaidi, nta inaziba filta. Kiwango cha Ulaya cha EN 590 kinaigawa dizeli kwa joto ambalo bado inapita kwenye filta ya majaribio: daraja A ni digrii 5 juu ya sifuri, daraja F ni 20 chini ya sifuri, na madaraja ya nchi za baridi kali yanakwenda mpaka 44 chini ya sifuri. Ukijaza tangi wakati wa joto au sehemu yenye joto, kisha ukapanda kwenye baridi, umebeba dizeli isiyo ya huko. Dalili yake ni injini kuwaka, kwenda dakika chache, kisha kukosa nguvu na kuzimika.

Dawa ya kuzuia kuganda huwekwa kabla dizeli haijaganda. Nta ikishajitenga, dawa nyingi haziirudishi. Ikishaganda, peleka gari mahali penye joto au badilisha filta. Mwaga na maji yaliyokaa chini ya filta, kwa sababu yakiganda yanaziba vilevile. Kuchanganya petroli, kama walivyofanya madereva wa zamani, kwenye injini yenye reli ya shinikizo (common rail) ni kuiua pampu: inalainishwa na dizeli hiyo hiyo, na petroli haina ulaini huo.

6. Sasa pima hita plagi, zikiwa palepale zilipo

Betri ni nzima, dizeli inafika, moshi ni mweupe. Vizuri. Kuna maswali mawili, na usiyachanganye: umeme unafika kwenye plagi? Plagi ikipata umeme, inapata moto?

Anza na la kwanza. Injini ikiwa baridi, weka multimita kwenye volti za DC, pini nyekundu kwenye bati au waya unaounganisha plagi, nyeusi kwenye chuma cha injini. Mtu awashe swichi. Kwenye mfumo wa volti 12 unatakiwa kuona volti 11 hivi. Ukipata sifuri, nenda kwenye fyuzi kubwa ya ukanda, mara nyingi ya ampea 50 hadi 80. Hiyo ipime, usiitazame tu, maana huwa na ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Ikiwa nzima, sikiliza rilei kama inagonga. Rilei ikiwa kimya, shuku kihisi cha joto la maji ya injini: kikiidanganya kompyuta kwamba injini ni ya moto, haiamuru plagi ziwake. Kwenye magari mengi yasiyo mapya sana, ukichomoa soketi ya kihisi hicho kompyuta hudhani kuna baridi kali na kuwasha plagi. Kipimo kizuri, na cha dakika moja.

Kwenye mifumo ya volti ndogo, multimita ya kawaida itakupa namba zisizoeleweka kwa sababu umeme unakatwakatwa. Hapo tumia mashine ya kusomea gari. Kidhibiti kinajua chenyewe plagi ya silinda ipi haivuti umeme, na kitakutajia.

Kisha swali la pili. Zima swichi na fungua nyaya za plagi zote. Ukiacha bati linalounganisha likiwa limefungwa, unapima plagi zote kwa mpigo na zile nzima zitakuficha iliyokufa. Weka multimita kwenye ohmu, gusanisha pini zake mbili na uandike inachosoma, labda 0.3. Hiyo utaitoa kwenye kila kipimo. Gusa kichwa cha plagi na chuma cha injini. Plagi nzima ya volti 12 husoma kati ya nusu ohmu na ohmu mbili, nyingi zikiwa karibu na moja au chini ya hapo. Multimita isiposoma namba yoyote (nyingi huandika OL), imekatika. Ambayo iko mbali na wenzake, juu au chini, haifai.

Bila multimita, taa ya testa inatosha kutambua iliyokatika: klipu kwenye chanya ya betri, ncha kwenye kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika.

Lakini ohmu hazisemi yote. Plagi iliyochoka inaweza kusoma vizuri na bado ikapata moto polepole au mahali pasipo pake. Kipimo ninachokiamini ni ampea. Tumia mita ya kubana waya inayosoma DC (nyingi za bei rahisi husoma AC tu) kwenye waya mkuu wa plagi. Zikiwashwa, namba inaruka juu sana, halafu ndani ya sekunde kadhaa inashuka na kutulia, kwa sababu koili ya ndani huongeza ukinzani kadiri inavyopata moto. Kila plagi ya volti 12 hutulia kwenye ampea 8 hadi 15 hivi. Pima moja moja ukiweza: inayovuta nusu ya wenzake imechoka, isiyovuta imekufa, na ambayo namba yake haishuki kabisa haijidhibiti na itaungua karibuni.

7. Kufungua plagi: hapa ndipo injini huharibikia

Plagi hukaa miaka kwenye moto, masizi yakijishindilia kati yake na tundu. Ni nyembamba, ina tundu katikati, na mara nyingi imefungwa kwenye hedi ya aluminiamu. Ukiikata, hedi huenda ikalazimika kutoka. Kwa hiyo usiwe na haraka hata kidogo.

Siku moja au mbili kabla, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka kila plagi, na urudie. Siku ya kazi pasha injini mpaka ifikie joto lake la kawaida. Puliza mchanga na uchafu kwa hewa, kwa maana kitakachobaki kitatumbukia silinda. Fungua nyaya, ondoa bati.

Tumia soketi ndefu inayokaa sawasawa na toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kuzungusha, hata katika kufungua. Weka kikomo kwa Nm (newtonmita), kufuatana na unene wa nyuzi za plagi kwa milimita: ya M8 isizidi Nm 20, ya M10 isizidi 35, ya M12 isizidi 45. Toki ikigonga kabla plagi haijasogea, acha. Mafuta tena, joto tena, subiri. Plagi za volti 12 ambazo bado zinawaka unaweza kuzipa umeme dakika kadhaa kwa waya wa pembeni ili masizi yalegee.

Usikilize mkono wako. Plagi inayofunguka hutoa mlio mfupi, kisha inazunguka na kubaki ilipofika. Inayokaribia kukatika haina mlio: mpini unakwenda kiasi, na ukiuachia unarudi kama mpira. Ukihisi hivyo, ondoa mkono palepale. Ikishalegea kidogo, itoe kwa kwenda na kurudi, robo mzunguko nje, kidogo ndani, ili masizi yasagike badala ya kubana. Spana ya upepo na bomba la kurefusha mpini vikae mbali na kazi hii. Plagi ikikatika, mwite fundi mwenye vifaa maalumu vya kutobolea na kuvutia mabaki. Drili ya kawaida mkononi itapinda na kula tundu la hedi.

8. Tazama ncha kabla hujazitupa

Zipange kwa namba za silinda. Ncha iliyoyeyuka inakuelekeza kwenye nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, au dizeli inayoingia mapema mno. Iliyovimba imepewa umeme mwingi au kwa muda mrefu: rilei iliyonasa, au plagi ya volti ndogo iliyofungwa pasipo pake. Zikifa zote kwa pamoja, shuku rilei kwanza, la sivyo mpya nazo hazitadumu. Ncha ikiwa haipo, usipige stata. Kipande kiko ndani ya silinda, na lazima kitafutwe kwa kamera.

Matundu yakiwa wazi, pima mgandamizo kwa geji yenye adapta ya tundu la plagi, dizeli ikiwa imekatwa. Injini nzima husoma bar 20 hadi zaidi ya 30 kutegemea aina yake. Silinda moja ikiwa chini sana ya nyingine, hita plagi mpya haitaiponya.

9. Kufunga mpya

Badilisha zote kwa pamoja, namba ya kipuri ile ile. Safisha matundu kwa rima (kifaa cha kukwangulia tundu) ya saizi yake iliyopakwa grisi, ili masizi yanase humo. Plagi za kauri, zile zinazofikia digrii 1,300, zina ncha inayopasuka kama kigae: ikikuponyoka ikaanguka chini, usiifunge hata kama haionyeshi ufa.

Ingiza kila moja kwa vidole mpaka ikae. Ikikataa kwa vidole, nyuzi hazijakaa sawa, itoe uanze upya. Maliza kwa toki: M8 kama Nm 10, M10 kati ya 12 na 18, M12 kati ya 22 na 25, ila kitabu cha injini kikisema tofauti, kifuate hicho. Nati ndogo ya waya inataka Nm 2 ikiwa M4, au 3 ikiwa M5. Wengi huikaza kupita kiasi na kuvunja kichwa cha plagi mpya dakika ya mwisho.

Kabla ya kurudisha makava, bana tena ile mita ya ampea kwenye waya mkuu, washa swichi na uangalie namba iruke, ishuke, itulie. Kwenye gari lenye kompyuta, futa hitilafu iliyohifadhiwa kwa mashine. Kisha liache lilale nje usiku mmoja, na kesho yake ulipime likiwa baridi kweli.